Gunia Tunalipima, Kompyuta Tunazihesabu

Jumamosi iliyopita, katikati ya kikao cha wazazi, mama mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, magunia yangu mawili ya viazi yako kwenye kompyuta ipi?" Mkuu wa shule alinyamaza. Na mimi niliyekaa meza ya bodi nilinyamaza, na tangu siku hiyo sijapata amani.

Shule yetu ni ya kata, huku Rungwe, upande wa viazi. Tulichanga kwa hiari shilingi 5,600,000. Zikanunuliwa kompyuta mpakato 20 za mtumba, 280,000 kila moja, zikapanda basi kutoka Dar. Leo zinazowaka ni 11. Nne zimekufa tundu la chaja, mbili skrini, na tatu zikiwashwa zinadai nenosiri la wenyewe wa zamani huko Ulaya, ambalo hakuna fundi wa Mwanjelwa, pale Mbeya mjini, aliyeweza kulitoa. Hizo 11 nazo nyingi hazina betri ya maana: umeme ukikatika, somo limeisha.

Bodi ilikuwa na proforma tatu mezani, yaani karatasi za bei kutoka kwa wauzaji. Moja ilikuwa ya mashine 10 zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha nane, 550,000 kila moja. Tuliikataa kwa dakika chache. Ishirini ni nyingi kuliko kumi, basi. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu.

Sisi wakulima wa viazi tumepigana na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kiasi, miaka mingi. Mtoto wa darasa la tano huku anajua kwamba anayenunua kwa "gunia" bila kutaja kilo anamwibia mama yake. Kanuni za vipimo zinasema gunia lisizidi kilo 100, na tumedai mizani ifike shambani mpaka sauti zikakauka. Halafu sisi hao hao tukaingia ofisini tukanunua "kompyuta" kwa idadi, bila kuuliza ndani kuna nini! Shambani gunia linajazwa kupita kiasi, dukani mashine inapunguzwa, na kote anayeumia ni mkulima yule yule.

Mizani ya kompyuta ipo. Muuzaji akikwambia "hii ni i5", yaani aina ya prosesa ya Intel, bado hajakwambia kitu, maana i5 ya kizazi cha nne na ya kizazi cha nane zina jina moja na miaka kadhaa kati yao. Muulize kizazi. Muulize kama RAM, kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi, inaongezeka au imechomelewa humo humo. Zetu ni GB 4 na haziongezeki. Muulize diski, maana GB 32 kama zetu zinamezwa karibu zote na Windows yenyewe, mwanafunzi anabaki hana pa kuhifadhi kazi yake. Izimwe, iwashwe mbele yako, uone kama inadai nenosiri. Chomoa chaja, uitazame kwa saa nzima. Na uliza inatumia Windows ipi, kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haizikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Wanaoijua Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, wataziokoa mashine za zamani, lakini shuleni kwetu hayupo hata mmoja.

Bei ya chini imewashinda hata wakubwa. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, Mmarekani mwanzilishi wa mradi wa One Laptop per Child, alitangaza kompyuta ya mtoto ya dola 100. Ilipoanza kutengenezwa mwaka 2007 ilikuwa imefika karibu dola 188, na yeye alikuwa akizungumza na serikali kuhusu oda za mamilioni. Sisi tunanunua 20, tunalipia nauli ya basi, kisha betri ya 75,000 kabla mwaka haujaisha. Ile 280,000 haikuwa bei. Ilikuwa malipo ya kwanza.

Najua nitajibiwa kwamba kompyuta mbovu ni afadhali kuliko kibodi iliyochorwa ubaoni. Nakubali kwa shingo upande, kwa sababu nimemwona binti wa kidato cha pili akiandika jina lake kwa mara ya kwanza kwenye skrini na mikono inamtetemeka. Wafanyabiashara nao wana mzigo wa dola na usafiri, siwakatalii. Lakini binti yule anashika mashine ile pamoja na wenzake sita, na ikizima katikati ya zoezi hawana pengine pa kwenda.

Bodi inakaa tena mwisho wa mwezi. Nitaomba proforma yoyote isiyotaja kizazi, RAM, diski, hali ya betri na miezi ya dhamana irudishwe ilikotoka bila kujadiliwa. Nitaomba pia yule mama awe kwenye kamati ya manunuzi. Gunia pungufu analitambua kwa kulinyanyua tu.