Jaa ni la nani?

Juzi kwenye grupu la mtaa mtu kaandika, hata salamu hakuna: "Mwenye lile jaa karibu na ukuta wa nyuma aliondoe, linatuletea nzi." Jaa! Mwaka wa tatu huu natengeneza mboji, mbolea ya taka zilizooza, leo naitwa mwenye jaa. Na aliyeandika namjua. Ndiye kila asubuhi hufagia majani ya mkungu na mwembe, akayarundika, akawasha kiberiti, na moshi wote ukaja kulala kwenye mashuka yangu kambani. Huo sasa si uchafu, ni usafi wa mazingira.

Haya, nikubali kidogo. Mwaka wa kwanza lundo langu lilinuka, tena lilinuka hasa. Nilikuwa namwaga maganda ya viazi, machicha ya nazi, makoko ya ugali, siku moja hadi matumbo ya vibua. (Paka wa Tabata nzima walihamia kwangu usiku ule. Samaki, nyama na mafuta, usijaribu.) Nilidhani kitu kikioza tu, basi ni mboji. Kumbe ni kama nilikuwa nalilisha lundo mboga tupu bila ugali.

Taka za jikoni ni mbichi, zina maji na naitrojeni nyingi. Zikikaa peke yake zinashikana kama uji, hewa haipiti, na palipokosa hewa ndipo uvundo unapoanzia. Dawa yake ni kitu kikavu chenye kaboni, yaani majani makavu, yaani yale yale anayoyachoma jirani! Ndoo moja ya jikoni, ndoo mbili au tatu za majani. Ya mwembe ni magumu, yapitishie panga kwanza. Kila ukimwaga taka, zifunike kwa majani, nzi akose pa kutua. Ukifinya konzi likachuruzika maji, ongeza makavu; likipukutika, nyunyizia. Geuza kila wiki, na masika lifunike kwa turubai. Lundo likifika kama mita moja kila upande linajipasha lenyewe: chomeka fimbo katikati, ichomoe siku ya tatu. Ya kwangu ilitoka ya moto kama mwiko wa kusongea ugali.

Sasa ndicho kinachoniuma. Udongo wetu huku ni mchanga. Unamwagilia matembele asubuhi, adhuhuri utadhani hukumwagilia. Cha kuushikia maji ni mboji, nasi mali ghafi yake tumeigeuza moshi, halafu tunakwenda kununua samadi ya kuku kwa kiroba. Akili hizo!

Mtasema majivu nayo ni mbolea. Sawa, yana potasiamu, nyunyiza kidogo. Kaboni na naitrojeni lakini zimeshapanda juu, zikipitia kifuani mwa mwanangu mwenye pumu. Na wanaotupa vifuko vya nailoni kwenye moto huo huo, hao sina la kuwaambia.

Jana nikavaa kandambili, nikabeba viroba vinne, nikaenda kubisha hodi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba majani."

"Marahaba. Majani gani, mwanangu?"

"Hayo unayotaka kuyachoma."

Alinitazama kama niliyeomba maji ya chooni. Akacheka, akanijazia mwenyewe. Leo asubuhi hapakuwa na moshi, nikafurahi, mpaka nilipofungua simu: "Jirani, majani yapo. Kiroba mia tano."