Mkoba wa nyasi wa Eswatini: tatizo si bei kubwa

Mikoba ya Eswatini inayouzwa nje huandamwa na malalamiko mawili. La kwanza ni la bei: nyasi za mlimani na mkonge wa uani vinafikaje dola mia na zaidi, ilhali aliyesuka yuko kijijini na hali yake haijabadilika sana? La pili ni la asili: bibi wa Kiswazi alisuka mikeka na vikapu, hakusuka mikoba ya kutokea.

Hili la pili halinisumbui. Mkonge wenyewe ulitoka Mexico. Waswazi waliupanda kama ua wa kuzuia mifugo, kisha wakazipatia kazi nyuzi zake. Mtu aliyeweza kuupokea mmea wa ng'ambo na kuufanya wake hashindwi kuamua kwamba leo anasuka mkoba.

La bei ndilo zito. Hata hivyo, naona lawama inaelekezwa kwa mkoba usio na hatia.

Tuitazame kazi yenyewe. Jani la mkonge hukwanguliwa nyama yake ya kijani hadi zibaki nyuzi, nazo huoshwa, huanikwa, hutiwa rangi, kisha husokotwa juu ya paja. Ususi wa mzunguko huanzia kwenye kitovu: fungu jembamba linazungushwa, sindano inapita, na kila duru inashonwa kwenye ile ya ndani yake. Uzi ukiwa mwembamba mkoba hupendeza, lakini mishono huwa mingi na siku za kazi huongezeka. Nyasi za lutindzi nazo huota kwenye miamba ya milimani, na huvunwa kwa mkono.

Sasa uchukue mkoba unaouzwa barabarani kwa bei ya kutupa. Nyasi ni zile zile, vidole ni vile vile, saa zimepungua kidogo tu. Punguzo analopewa mtalii limetoka wapi kama si kwa msusi? Wakenya wanajua njia hiyo inaishia wapi. Kiondo kilipopendwa ng'ambo, viwanda vya Asia vilitoa vya kufanana kwa nyuzi za viwandani, na wasusi wakaachwa washindane kwa bei wasiyoiweza. Ndiyo maana sioni ubaya kampuni ya mikoba ya Eswatini kama Khokho kuunganisha ususi na ngozi na kuuza ghali. Bei ndogo haina nafasi ya kumlipa mtu vizuri hata mwenye duka akiwa na moyo mzuri.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji wa mbali hulipita. Sehemu kubwa ya vijiji vya Eswatini iko kwenye Ardhi ya Taifa la Waswazi, ambayo mfalme anaishika kwa niaba ya watu na machifu wanaigawa. Kwa desturi, mwanamke aliipata kupitia mume au ndugu wa kiume. Katiba ya 2005 inatamka usawa, lakini desturi haibadiliki kwa kasi ya karatasi. Hati ya ardhi ya kupeleka benki kuombea mkopo hana. Kusuka hakumdai hati, wala nauli ya kila siku. Kampuni ya Gone Rural ya Malkerns, iliyoanza 1992, huwapelekea wasusi nyasi zilizokwisha kutiwa rangi na kurudi kuchukua kazi huko huko vijijini. Kampuni ya Tintsaba ilianza 1985 na wasusi wa mkonge, nao pia husukia majumbani.

Linganisha na viwanda vya nguo vya mji wa Matsapha, ambako kina mama wengi hupanga vyumba na kuwaacha watoto kwa bibi. Marekani ilipoiondoa nchi hiyo kwenye AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia Januari 1, 2015, baadhi ya viwanda vilifungwa na watu wakarudi makwao mikono mitupu. Nchi ilirejeshwa 2018.

Kisha kuna takwimu ambayo sijaweza kuiacha: kati ya watu wa miaka 15 hadi 49 nchini humo, karibu mmoja kati ya wanne anaishi na VVU. Tafsiri yake nyumbani ni bibi anayelea wajukuu, siku za kliniki, na mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake. Kazi inayoweza kuwekwa chini saa tatu asubuhi na kuendelezwa jioni, kwa mama wa namna hiyo, mara nyingi ndiyo pekee anayoweza kuishika.

Na takwimu hiyo hiyo ndiyo inayowapa wakosoaji hoja yao bora. Msusi hulipwa kwa kipande. Akiugua yeye mwenyewe, hakuna kipande, hakuna hela. Likizo ya uzazi hana, pensheni hana. Na mkoba wa anasa ni kitu cha kwanza mnunuzi kukiacha mambo yakibana, kama ilivyoonekana 2020 watalii walipokatika. Hapo siwezi kuzitetea kampuni kwa kusema tu kwamba zinalipa zaidi ya barabarani.

Kwa hiyo swali la kuiuliza kampuni ni hili: katika kila dola mia, msusi amepata ngapi, kwa saa ngapi, na akilazwa nani anamlipa? Kampuni inayoandika jina la msusi kwenye lebo inaweza kuandika na ujira wake hapo hapo. Isiyotaka kuuandika ndiyo ya kubanwa, iwe inauza ghali au rahisi.