Kumvizia Kasa Kiwayu

Mtu mzaliwa wa Lamu, aliyepigwa teke na punda mara sita kwenye vichochoro vya mtaani kwao, atoe pesa kwenda kutazama wanyama? Nilitoa. Shemeji yangu amekuja kutoka Nairobi, amesema twende kisiwa cha Kiwayu tukaone kasa, na dada yake amesimama mlangoni ananikodolea macho. Wewe ungesema nini?

Mwezi wa tano, upepo wa kusi umechafua bahari ya nje, kwa hiyo njia ni kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara. Nikawaambia: Mkanda hapapitiki maji yakipwa. Shemeji akasema tukiamka mapema tutafika mapema, kama vile maji yanafuata saa yake ya mkononi. Tukakwama kwenye tope, mikoko huku na huku, jua la utosi, sisi tunakula biskuti na mbu wanatula sisi. Huyo ndiye mnyama wa kwanza kumwona, na kwake hakukuwa na kiingilio.

Kiwayu penyewe ni utepe wa mchanga na mawe, bahari kuu upande huu, maji matulivu upande ule, na yote ni hifadhi ya bahari ya Kiunga tangu 1979. Usiku mzee mwenyeji akatusomea masharti. Tochi hakuna. Sigara hakuna. Kusimama hakuna. Kasa akiona mwanga au mtu akitembea, anageuza na mayai yake tumboni. Jamani, mimi hata nilipokwenda kuposa niliruhusiwa kukohoa!

Tukalala kifudifudi, kaa wanatupima vidole vya miguu. Shemeji hanyamazi, ananong'ona: kasa anataga mayai mia na zaidi, anafukia, anaenda zake. Miezi miwili hivi watoto wanajitoa wenyewe mchangani, na mchanga ukiwa wa moto sana wengi wanakuwa majike.

"Na kulea analea lini?"

"Halei."

Watoto mia! Mimi nina wanne, na karo ya muhula uliopita bado nadaiwa. Nikamwonea kijicho mnyama ambaye hata sijamwona.

Saa kumi na moja hivi, jiwe likatembea. Wallahi, jiwe. Likapanda ufukwe likihema kama bibi mwenye kapu la nazi, likasimama, likahema, likapanda tena. Shemeji akanifinya mkono hadi nikaumia. Kasa akaanza kufukua kwa makasia yake, mchanga ukaturukia usoni.

Simu yangu ikaadhini.

Nilikuwa nimezima sauti, lakini ile programu ya adhana haina habari na kuzimwa kwangu. Kioo kikawaka ufukwe mzima. Kasa akatutazama, akageuka, akarudi baharini bila haraka yoyote. Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Atanigombeza kwa adhana?

Mzee mwenyeji akanyanyuka, akajipangusa mchanga, akauliza nani kati yetu ana udhu.