Kabla ya Kumpa Baiskeli, Mfundishe Kuziba Pancha

Nilipoanza kazi ya ualimu nilinunua Phoenix ya mtumba hapa Shinyanga, namba 28, keria pana. Kwetu baiskeli inabeba maji, inabeba mkaa, inabeba mahindi kwenda mashineni, na mjini ndiyo daladala yenyewe: unakaa kwenye keria yenye mto, unapelekwa sokoni. Kuendesha nilijua tangu darasa la nne. Kuziba pancha sikujua, na hakuna aliyeona kuwa ni upungufu. Pancha ya msichana inazibwa na kaka yake au na fundi, basi.

Kiangazi kimoja nikaamua kwenda Nzega kumwona mama, kilomita 80 hivi. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri. Nilipoipita Tinde gurudumu la nyuma likalala. Nikaikokota baiskeli hadi kwa fundi niliyekuwa nimempita, akaziba haraka, nikalipa, nikaondoka. Hazikupita dakika ishirini, likalala tena. Saa sita mchana, jua la utosi, sina pampu, sina kiraka, nimesimama kando ya barabara na maji nusu chupa.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mwenye ng'ombe, naye alikuwa na baiskeli, na chini ya tandiko lake kulikuwa na kifuko cha turubai. Nilimwamkia, akaitikia, akaipindua baiskeli yangu ikasimama kwa tandiko na usukani. Hakuvua gurudumu. Aliingiza mashina ya vijiko viwili, akabandua tairi upande mmoja tu, akavuta tyubu nje. Kisha akaniambia, "Mwanangu, pitisha vidole ndani ya tairi, polepole." Nikapitisha, nikachomwa. Mwiba wa mgunga ulikuwa bado umekaa palepale. Fundi alikuwa ameziba tundu akamwacha aliyelitoboa.

Miiba hiyo ni ya kwetu hasa. Mkoa huu ulikuwa umekatwa miti ukabaki mtupu, na tangu mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uanze mwaka 1986 watu wamezirudisha ngitili zao, yale maeneo ya malisho yanayofungwa ili majani na miti viote, na migunga imerudi nazo. Nafurahi kuiona. Lakini kwa mwendesha baiskeli wa Shinyanga pancha si ajali, ni sehemu ya safari kama vumbi lilivyo.

Nikajifunza. Ilinichukua miezi, kwa sababu nilikuwa na pupa. Kosa kubwa la wengi ni solusheni, ile gundi ya kubandikia kiraka. Unasugua tyubu kwa msasa mpaka ule mng'ao uondoke, unapaka solusheni nyembamba, pana kuliko kiraka, halafu unangoja. Unangoja kweli, dakika tano au zaidi, mpaka ukigusa kwa kidole haishiki tena kama uji. Ukibandika ingali mbichi, kiraka kitateleza na kitaachia njiani. Nilibandika mbichi mara nyingi sana kabla ya kukubali kungoja.

Kabla ya hapo, soma tundu. Tundu moja upande wa nje wa tyubu ni mwiba au msumari. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, maana yake upepo ulikuwa kidogo ukagonga jiwe, na tyubu ikabanwa kwenye rimu. Tundu upande wa ndani, ulaumu kichwa cha spoki. Na usipoona kitu kabisa hata ukizamisha tyubu majini, angalia kile kimpira chembamba cha valvu: kikichakaa kinavujisha, nawe utahangaika kutafuta pancha isiyokuwepo. Weka mate juu ya valvu, utaona povu.

Ufaransa kuna kisa ninachokipenda. Dunlop alikuwa ameleta tairi la upepo mwaka 1888, ila lilikuwa limegandishwa kwenye gurudumu kwa gundi, na kuliziba ilikuwa kazi ya saa nyingi. Ndugu wa Michelin wakatengeneza tairi linalovulika, na mwaka 1891 Charles Terront akalitumia kwenye mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi, kama kilomita 1,200. Alishinda kwa saa 71 na dakika 22. Miguu yake ilikuwa na nguvu, hilo sibishi. Lakini mtu haendi umbali ule kwenye barabara za wakati ule kama kila pancha ni mwisho wa siku.

Ndiyo maana siamini kwamba kuvumilia safari ndefu ni suala la mapaja tu. Tangu nilipojua kuziba, mwendo wangu umetulia. Zamani nilikimbia kwa hofu, nifike kabla baiskeli haijaharibika, na nikifika kilomita ya arobaini nimekwisha. Sasa naanza taratibu. Nimepandisha tandiko mpaka kisigino kikiwa kwenye pedeli mguu unyooke, na maumivu ya magoti yameisha. Wengi huliweka chini ili miguu iguse ardhi, kisha husema baiskeli inachosha. Nakunywa maji kabla ya kiu, natafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kila baada ya saa moja, na upepo wa mbele ukija sishindani nao.

Linaloniuma ni wasichana. Nimeona kijiji ambako wanafunzi wa kike walipewa baiskeli mpya, kwa nia njema kabisa, kwa sababu shule iko mbali. Mvua za mwaka uliofuata, baiskeli nyingi zilikuwa zimeegemezwa ukutani, tairi zimelala. Hakuna aliyepewa pampu wala kufundishwa kuvua tyubu. Binti akipata pancha alimngoja kaka, na kaka alikuwa na shughuli zake, na binti akarudi kutembea. Baiskeli bila ujuzi huo ni mkopo kutoka kwa yeyote anayejua kuziba. Anayetoa baiskeli atoe na kifuko: pampu, msasa, solusheni, viraka, vijiko viwili vya chuma. Na siku nzima ya mafunzo, wasichana wenyewe wakiwa wameshika tyubu, fundi akiwa amekunja mikono.

Mpwa wangu ameanza darasa la sita na anaitaka Phoenix yangu. Jumamosi iliyopita nilitoboa tyubu ya zamani kwa sindano nikampa beseni la maji. Kiraka chake cha kwanza kilivuja pembeni. Akakibandua, akachukua msasa, akaniuliza, "Mama mdogo, safari hii ningoje mpaka lini?" Nikamwambia aguse kwa kidole.