Studio Zikifunguliwa, Mtaa Unamfungukia Nani?

Kuna siku ambazo wachoraji, wachongaji, wafinyanzi na wapiga chapa wa mtaa fulani hufungua milango ya studio zao na kumkaribisha yeyote anayepita. Unapewa ramani yenye namba za nyumba, unaanza kutembea. Mlango mmoja unakupandisha ghorofa ya tano ya jengo lililokuwa kiwanda. Mwingine unakuingiza kwenye ua wa nyuma ambao ungeupita miaka yote bila kujua kwamba upo. Mwingine ni sebule ya mtu, makochi yameondolewa wiki hiyo ili picha zipate ukuta.

Utaratibu huu una umri. San Francisco wanao tangu 1975. Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, ulianza mwaka 1982 pale mchoraji Ned Hoskins alipofungua nyumba yake mwenyewe katika eneo la Fiveways, majirani zake wakafuata. Belleville, mtaa wa vilima mashariki mwa Paris, una siku zake kila mwaka, na wasanii wanaoshiriki hufikia mamia. Kadiri milango inavyozidi kufunguliwa ndivyo ubishi unavyokua. Wapo wanaosema hakuna njia bora ya kuijua sanaa na jiji kwa pamoja. Wapo, wakiwemo wasanii wenyewe, wanaosema hili ni tangazo la bure kwa faida ya wenye majengo. Mimi naipenda ziara hii kuliko namna nyingine yoyote ya kutembelea jiji, lakini wanaoilaumu wana hoja nzito kuliko sisi wapenzi wake tunavyopenda kukiri.

Kwanza uzuri wake. Jumba la maonyesho hukuonyesha kazi iliyokwisha kuchaguliwa, kusafishwa na kutundikwa. Studioni unaikuta ikiwa bado inabishana na aliyeianza. Kuna kanvasi imegeuzwa uso ukutani kwa sababu mwenyewe hajaridhika nayo. Kuna vipande vya udongo vilivyopasuka kwenye tanuri, vimewekwa kando vichunguzwe kosa lilikuwa wapi. Mpiga chapa anakushikisha bamba la shaba lenye mikwaruzo midogo, anakueleza kwamba kila nakala inayotoka hulichakaza kidogo, ndiyo maana anaweka kikomo cha nakala na kuziandika namba. Maelezo kama hayo huyapati kwenye kibao kilichobandikwa kando ya picha. Tena unaweza kuuliza swali la kitoto kabisa, kwa nini umeacha pembe hii nyeupe, na anayekujibu ndiye aliyeiacha.

Watu wengi hawaingii majumba ya maonyesho kwa sababu wanahisi mlango si wao. Ukimya, sakafu inayong'aa, mtu nyuma ya meza asiyeinua macho: vyote vinamwambia mgeni kwamba lazima awe na ujuzi au fedha. Studio haina heshima za namna hiyo. Na kama mtu atanunua, fedha inamfikia aliyetengeneza, wakati dalali wa sanaa kwa kawaida huchukua sehemu ambayo mara nyingi hufikia nusu ya bei. Si kwamba dalali hana kazi. Yeye huhifadhi, hutangaza, humtetea msanii miaka ya ukame, na ana haki ya kukasirika picha aliyoipigania ikiuzwa kwa bei ya chini pembeni ya sinki la kuoshea brashi. Ila kwa mchoraji asiye na dalali, na hao ndio wengi, wikendi hiyo inaweza kuwa soko lake kubwa la mwaka.

Lakini kinachonivuta zaidi kipo kati ya mlango na mlango. Studio hazikuota mahali zilipo kwa bahati. Mchongaji anahitaji sakafu inayobeba mawe, mlango mpana na lifti ya mizigo. Mchoraji anahitaji dari la juu na madirisha makubwa. Katika nchi za kaskazini mwa ikweta wengi hutafuta dirisha linaloelekea kaskazini, kwa sababu jua haliingii moja kwa moja na mwanga haubadiliki sana tangu asubuhi hadi jioni. Wote wanahitaji kodi nafuu. Mahali panapokutana mambo hayo yote karibu kila mara ni pale ambapo shughuli nyingine imekwisha: maghala ambayo meli haziyafikii tena, viwanda vya nguo vilivyohamishiwa nchi nyingine, karakana za uchapaji zilizoshindwa na kompyuta. Kundi la SPACE la London, linalowapatia wasanii studio, lililoanzishwa 1968 na wachoraji Bridget Riley na Peter Sedgley pamoja na wenzao, lilianzia kwenye maghala ya St Katharine Docks, bandari ambayo mizigo ilikuwa imeikimbia. Acme, kundi jingine la namna hiyo lililofuata mwaka 1972, lilianza na nyumba za mashariki mwa London zilizokuwa zikisubiri kubomolewa. Kwa hiyo anayetembea na ramani ya studio mkononi anatembea juu ya ramani ya kazi zilizokufa. Ukijua hilo unaanza kuangalia vitu vingine: ndoano ya chuma juu ya dirisha, reli zinazoishia ukutani, jina la kampuni lililofifia kwenye matofali. Sijui ziara nyingine inayomfundisha mtu historia ya uchumi wa jiji kwa miguu yake mwenyewe namna hiyo.

Hapo hapo ndipo shutuma inapoanza, kwa sababu ramani hiyo ina wasomaji wengine.

SoHo ya New York ndiyo hutajwa kwanza, na inastahili. Katika miaka ya 1960 majengo yake yenye sura za chuma cha kusubu yalikuwa yakiachwa na viwanda vidogo. Wachoraji wakahamia, wengi wakilala humo kinyume cha sheria. Mwaka 1971 jiji lilibadilisha kanuni za matumizi ya ardhi, likawaruhusu wasanii waliothibitishwa na idara yake ya utamaduni kuishi na kufanya kazi katika ghorofa hizo. Kwenye karatasi huwezi kuomba kinga iliyo wazi zaidi: sheria inakutaja wewe, kwa kazi yako. Haikutosha. Uthibitisho haukusimamiwa kwa ukali, sifa ya mtaa ikapaa, ghorofa zikanunuliwa na wenye fedha, na zile nafasi zilizotafutwa kwa kuwa hakuna aliyezitaka zikawa miongoni mwa makazi ghali ya jiji. Wasanii wa baadaye wakavuka mto kwenda Brooklyn, na huko nako hadithi ikajirudia mtaa kwa mtaa.

Berlin ina mfano unaouma zaidi. Mapema mwaka 1990, miezi michache baada ya Ukuta kuanguka, wasanii waliliingia gofu la duka kubwa la zamani lililokuwa limepangiwa kubomolewa, wakaliita Tacheles. Kwa zaidi ya miaka 20 lilikuwa na studio, sinema na baa, na watalii walipanda ngazi zake zilizochorwa kila sentimita wakiwatazama watu wakifanya kazi. Mwaka 2012 wasanii wa mwisho waliondolewa. Mwaka 2023 jengo lilifunguliwa upya likiwa jumba la maonyesho ya picha za kamera liitwalo Fotografiska, katikati ya mradi mpya wa nyumba na ofisi, na michoro ya ukutani kwenye ngazi imehifadhiwa. Waliochora hawapo. Kwa mtu anayejali jambo hili, ni vigumu kupanda ngazi hizo bila kujiuliza kilichohifadhiwa ni nini hasa.

Je, siku za milango wazi ndizo huleta haya? Hapa sikubaliani kwa yote na wanaozilaumu. Mwanajiografia Neil Smith alitoa hoja mwaka 1979 ambayo bado haijapata jibu la kuridhisha: mtaa hubadilika pale tofauti kati ya kodi ya pango inayokusanywa leo na ile ambayo ardhi hiyo ingeweza kuzaa inapokuwa kubwa kiasi cha kumvutia mwenye mtaji. Mchoraji hakuiumba tofauti hiyo. Ilikuwepo siku aliyopanga, na ndiyo iliyompa kodi nafuu. Yapo maeneo mengi ya bandari na viwanda yaliyogeuzwa minara ya vioo bila hata brashi moja kupita. Lakini kusema msanii si chanzo hakumaanishi kwamba hana mchango. Wikendi ya milango wazi huwafundisha maelfu ya watu wenye kipato njia ya kufika mtaa ambao jana waliuogopa. Inawaonyesha madirisha makubwa na dari za juu. Anayeuza nyumba hahitaji tangazo zuri zaidi ya hilo, na wapo wajenzi wanaodhamini shughuli hizi kwa sababu wanalijua.

Belleville inatuonyesha upande wa pili. Chama cha wasanii wa mtaa huo kilizaliwa karibu na mwaka 1990, wakati sehemu ya chini ya Belleville ilikuwa imepangiwa ubomoaji mkubwa kwa madai kwamba nyumba zake ni chakavu. Kufungua milango kulikuwa ushahidi: ndani ya nyumba hizo kulikuwa na watu, zana, na kazi inayoendelea. Nao wakazi wa kawaida walikuwa na chama chao, La Bellevilleuse, kilichopambana na mpango huo, na katika miaka ya 1990 jiji likaachana na ubomoaji, ukarabati ukashika nafasi yake. Ushindi ule ulikuwa zaidi wa wakazi kuliko wa wachoraji. Hata hivyo mlango wazi uliwasaidia, kwa sababu jengo ambalo watu wameliona kwa ndani ni gumu kuliita gofu.

Basi tendo moja limelinda mtaa mmoja na kuupamba mwingine kwa ajili ya mnunuzi. Nikitafuta kilichotenganisha, narudi kila mara kwenye swali la nani ana hati ya jengo. Katikati ya Paris, mwaka 1999, wasanii watatu waliingia jengo lililoachwa tupu namba 59 barabara ya Rivoli. Lingeweza kuishia kama Tacheles. Badala yake jiji lililinunua, likalikarabati, na mwaka 2009 likafunguliwa likiwa na wasanii wapatao 30 ambao studio zao watu huzitembelea bure siku sita kwa wiki. Upande mwingine wa jiji hilo ipo La Ruche, jengo la studio lililoanzishwa na mchongaji Alfred Boucher mwaka 1902 kwa kutumia banda la mvinyo lililokuwa limejengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1900. Wachoraji Chagall, Modigliani na Soutine walipita hapo. Iliponea chupuchupu kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, baadaye ikawekwa chini ya taasisi yake, na mpaka leo wasanii wanafanya kazi humo. Kwa kawaida geti lake limefungwa kwa wageni. Majengo haya mawili, moja wazi karibu kila siku na lingine limefungwa, yote yamedumu. Kufungua au kufunga hakukuamua chochote.

Kuna lawama nyingine zinazostahili kusikilizwa. Mchoraji anayeandaa milango wazi hupoteza siku nyingi za kazi: kufagia, kutundika, kuandika bei, kisha kusimama siku mbili akijibu swali lilelile. Wengine hutengeneza vipande vidogo vya bei nafuu kwa ajili ya wikendi hiyo tu, na taratibu studio inageuka duka. Majengo ya zamani mengi yana ngazi tupu, kwa hiyo anayetembelea kiti cha magurudumu anabaki chini. Kinachonisumbua zaidi ni ramani yenyewe. Katika jengo moja la ghorofa tano, chini yuko seremala, ghorofa ya pili kuna mashine za kushona, ya tatu fundi wa vyombo vya muziki, ya nne na ya tano wachoraji. Ramani inaonyesha wachoraji pekee. Mgeni anapita mbele ya milango mitatu ya watu wanaofanya kazi kwa mikono, wanaolipa kodi ileile na wanaotishiwa na notisi ileile, na hajui kama wapo. Mwandaaji anayesema anautambulisha mtaa angewaandika na hao, wakikubali. Seremala anaweza kuwa na mengi ya kusema kuhusu jengo hilo kuliko mchoraji aliyehamia mwaka jana.

Ningependa pia ramani hizo ziandike kando ya kila jengo mambo mawili: mmiliki ni nani, na mikataba ya waliomo inaisha lini. Hilo lingembadilisha mgeni. Angetembea akijua ni mlango upi ataukuta tena na upi anauona kwa mara ya mwisho, na angeweza kuamua wapi atumie fedha yake, na barua ya malalamiko aipeleke kwa nani. Najua baadhi ya wasanii watakataa wakihofia kumuudhi mwenye jengo, hasa wanaolala studioni bila ruhusa ya mkataba, na hofu yao ni ya kweli. Majengo yao yaachwe bila maelezo. Yale ya manispaa, ya taasisi na ya kampuni kubwa hayana sababu ya kufichwa, na waandaaji wanaweza kuanza na hayo kwenye ramani ya mwaka ujao.