Pwani ina magofu, bara ina mahame

Likizo inapokaribia, vijana wa hapa Tabora wanaopenda kutembelea majengo yaliyoachwa hupanga safari ya Kilwa au Bagamoyo, na ukiwauliza kwa nini wasianzie nyumbani hukujibu kwamba huku bara hakuna cha kuona. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limepimwa kwa kipimo kimoja tu, nacho ni jiwe.

Watu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndiyo maana Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani bado una kuba zake, na magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ndiyo maana pia nguzo za jumba la Maruhubi, Unguja, zinasimama ingawa jumba lenyewe liliungua mwaka 1899. Huku Unyamwezini watu walijenga tembe: nguzo za miti, kuta za udongo, na paa bapa la udongo ulioshindiliwa. Mwenye nyumba akihama, paa lisipoongezwa udongo, masika machache yanatosha kulirudisha lote ardhini. Hata tembe la Kwihara, ambako Livingstone alikaa kati ya Machi na Agosti 1872 akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani, hili tunaloonyeshwa leo limejengwa upya.

Lakini Kiswahili kina maneno mawili hapa, na wenzetu wanatumia moja tu. Gofu ni jengo lililobomoka likabaki limesimama. Hame ni mahali palipohamwa, pawe na ukuta au pasiwe nao. Magharibi ya nchi hii ni nchi ya mahame. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wengi katika misitu ya Tabora na Uha kwa sababu ya malale, na miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha wengine tena. Anayejua kutazama ataona miembe mikubwa iliyopandwa kwa safu porini, ua wa minyaa unaozunguka patupu, na jiwe la kusagia lililoachwa kwa sababu halikubebeka.

Tofauti ya mikoa haiko kwenye vifaa vya ujenzi peke yake. Chukua mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Ulikuwa mpango mmoja, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kusini ulijengewa reli kutoka bandari ya Mtwara, na baadaye ikang'olewa, kwa hiyo anayefuatilia mabaki yake anafuata njia isiyo na vyuma. Kongwa, kuanzia mwaka 1964, ikapokea kambi za wapigania uhuru. Urambo iligeukia tumbaku, na kwa kuwa tumbaku ililipa, kilichokuwa cha karanga kilitumiwa tena, kikapakwa rangi, kikaongezewa mabati. Kwa mpenda magofu, Urambo inachosha. Kwa mpenda historia, naona ndiyo yenye mengi zaidi, maana mafanikio hufuta alama kuliko kushindwa.

Upande wa pili wa hoja ni mzito zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863; ya baadaye hayapati ulinzi mpaka yatangazwe rasmi. Mstari huo uliwafaa watu wa pwani. Wajerumani walifika huku baada yake, na reli yao ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo nyumba nyingi za njiani, za mafundi na za wasimamizi, ziko nje ya ulinzi huo. Ukimpeleka mgeni kwenye magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, atakata tiketi na kukuta mlinzi. Ukimpeleka kwenye nyumba isiyotangazwa kando ya reli ya kati, mlinzi ni kimya cha wanakijiji.

Na kimya hicho kina sababu. Mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajauteka mji huu mwezi Septemba, Wajerumani walipiga hapa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, katika karakana ya reli. Tangu hapo kila msingi wa Mjerumani unadhaniwa umekalia mali. Nyumba moja niliyoonyeshwa, ambayo sitaitaja ilipo, ina shimo chini ya kizingiti linalomfikia mtu kifuani. Kingo zake zilikuwa bado na alama za sururu, na ukuta wa juu umeanza kufuata shimo. Katika fremu ya dirisha nyuki walikuwa wameweka masega. Mzee aliyenisindikiza alisema, "Mjukuu wangu, picha piga, jina la kijiji liache."

Wanaotaka maeneo haya yatangazwe wanasema kisichojulikana hakitetewi, na pengine kuna nyumba zilizobomolewa kwa sababu hakuna aliyejua thamani yake. Nakubaliana nao kwa majengo ya mjini, ambako jirani anaona na ofisi ya utamaduni haiko mbali. Kwa yaliyo porini ninasita, kwa sababu ramani ya mtandaoni humfikia mwenye sururu mapema kuliko mhifadhi.

Kigoma inaongeza ugumu wake. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwaka 2012 na eneo lake likawa la jeshi, ambako kamera haina nafasi. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa tena mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipovuka mpaka upya. Aliyekwenda kupiga picha za "mji uliokufa" mwaka 2014 angekuta mwaka uliofuata watu wanapika hapohapo.

Kwa sasa za kuangaliwa haraka ni stesheni za reli ya kati. Reli mpya ya kisasa, SGR, inajengwa kuelekea Kigoma, na treni za zamani zikipungua, vituo vidogo kati ya Tabora na Uvinza vinaweza kuwa mahame mapya, safari hii ya mawe. Kupiga picha na kupima kuta zake leo, mkuu wa stesheni akiwa bado dirishani na ruhusa ikiombwa kwake, ni kazi ya siku mbili tu kwa kila kituo.