Antibayotiki ya kila siku kwa mwenye sirosisi? Sio kila mtu jamani

Kuna hii tabia, mtu ana sirosisi, yaani ini limejaa makovu, na tumbo limejaa maji, basi moja kwa moja anaandikiwa antibayotiki ya kumeza kila siku eti ya kukinga infekshen ya bakteria kwenye hayo maji ya tumboni, na akiuliza anywe mpaka lini anajibiwa endelea tu. Mimi hapo sikubaliani.

Sio kwamba nabeza hiyo infekshen, inaua. Ini likishajaa makovu damu inapita kwa shida, presha inapanda kwenye mishipa inayotoka matumboni, maji yanajikusanya, halafu bakteria wa utumbo wanapenya na kuingia humo wakati utumbo wenyewe haujatoboka wala hakuna jipu popote. Na inaweza kuja kimyakimya, hakuna homa, tumbo haliumi, unaona tu mgonjwa kaanza kuongea vitu havieleweki au mkojo umepungua.

Sasa nani apewe? Mwenye sirosisi anayetapika damu au anayepata choo cheusi cha damu, huyo sina ubishi, antibayotiki ya seftriaksoni gramu 1 kwa siku kwenye mshipa, isizidi siku 7. Aliyewahi kuugua hiyo infekshen akapona naye apewe, maana inarudi sana: kwenye utafiti mmoja wa mwaka 1990, wasiopewa dawa ilikadiriwa asilimia 68 ingewarudia ndani ya mwaka, waliokunywa antibayotiki ya norfloksasini miligramu 400 kila siku ni asilimia 20. Tofauti kubwa hiyo.

Ugomvi uko kwa ambaye hajawahi kuugua. Kama maji yake yana protini chini ya gramu 15 kwa lita na ini au figo zimechoka kweli, sawa, kaeni na daktari mpime. Ila kumpa kila mwenye maji, hapana. Utafiti wa Ufaransa uliotoka 2018 uliwapa norfloksasini miezi 6 watu wenye sirosisi kali, na ukiwachukua wote kwa pamoja vifo ndani ya hiyo miezi 6 havikupungua vya maana, waliosaidika walikuwa wale wenye protini kidogo. Na hizi dawa zina bei yake mwilini, kano zinaweza kuchanika, kuna kuhara kubaya kwa bakteria wanaobaki baada ya wenzao kufa, na usugu, yaani siku infekshen ikija kweli inakuta dawa haifanyi kazi tena.

Kinachoniudhi zaidi ni mtu kumezeshwa vidonge miezi na miezi na hayo maji hayajawahi kupimwa hata mara moja. Sindano inaingia chini ya tumbo pembeni, yanavutwa maji kidogo, zinahesabiwa seli nyeupe aina ya nyutrofili, zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo matibabu yanaanza hapohapo, hakuna kusubiri majibu ya kuotesha bakteria maabara. Na maji ya kuotesha yawekwe kwenye chupa za kalcha ya damu, zile za kuoteshea bakteria, palepale kitandani kwa mgonjwa, ukiyapeleka maabara kwenye kichupa cha kawaida mara nyingi wanakwambia hakuna kitu.

Halafu mkiwa mnapitia listi ya dawa za mgonjwa muulizeni daktari na kuhusu ile ya kupunguza asidi, omeprazo na ndugu zake, maana imehusishwa na hizi infekshen na wengi wanaimeza tu, hakuna anayekumbuka ilianzishwa kwa nini.